Nimefunga kamera za gari mwenyewe, mbele na nyuma

“Mama, wewe ndiye umerudi nyuma!” Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya dereva wa kirikuu aliyenigonga kwa nyuma pale mataa ya Buguruni. Alikuwa hajashuka vizuri, mguu mmoja uko chini, mwingine bado uko ndani ya gari, na tayari anapaza sauti ili waliokuwa karibu wamsikie yeye kabla sijafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama. Nilikuwa natoka Kariakoo, majora manne ya kitenge yako kwenye kiti cha nyuma, breki nimeikanyaga, taa nyekundu iko mbele yangu. Nirudi nyuma niende wapi?

Watu wakajaa kama kawaida. Trafiki akaja, akatusikiliza wote wawili kwa utulivu, akauliza nani ameona. Muuza maji akasema yeye amesikia kishindo tu. Kondakta mmoja alisema ameona, lakini daladala lake lilikuwa linaondoka na yeye akaondoka nalo. Ikabaki mimi nasema hivi, mwenzangu anasema vile. Mwisho wake kila mtu akaambiwa atengeneze cha kwake. Bampa langu lilipasuka, taa ya kushoto ilikwisha kabisa, na mlango wa buti ukawa haufungi mpaka niusukume kwa nyonga. Gari lina bima ndogo, na bima ndogo hailipi gari lako, inamlipa yule uliyemgonga. Bima ya yule bwana ndiyo ingenilipa, kama ningeweza kuonyesha kwamba kosa ni lake. Sikuwa na cha kuonyesha.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta kamera ya gari, nilikuwa natafuta ya nyuma. Nasema hivi kwa sababu kila niliyemuuliza alinionyesha ya mbele, na magari mengi ninayoyaona yana ya mbele tu. Ya mbele ni nzuri, inaona bodaboda anayekatiza na bajaji anayegeuza ghafla. Lakini foleni za Dar es Salaam ni za kusimama na kusogea, kusimama na kusogea, kuanzia Ilala Boma hadi Tabata, na aliye nyuma yako anachezea simu. Ukigongwa kwa nyuma, kamera ya mbele itaonyesha gari lako likirushwa mbele kidogo, basi. Nani alikuwa anakuja, kwa kasi gani, alikuwa anatazama wapi, na wewe ulikuwa umesimama au unarudi nyuma, hayo yote yanaonekana kwenye kioo cha nyuma. Mimi ningeambiwa nichague moja ningechukua ya nyuma bila kufikiri mara mbili. Bahati nzuri huhitaji kuchagua, zinauzwa mbili pamoja: kubwa ya mbele yenye kioo na kadi, na ndogo ya nyuma inayounganishwa nayo kwa waya mrefu.

Swali la pili ni kwa nini sikumpa fundi. Miaka miwili kabla ya hapo nilifungiwa alamu. Aliyefunga alichukua umeme kwa kuchubua waya unaotoka kwenye swichi ya gari, akausokota na waya wa alamu, akazungushia tepu, akapandisha kifuniko. Kazi ya dakika ishirini, na kwa macho ilikuwa safi. Joto la hapa likayeyusha gundi ya ile tepu taratibu, tepu ikaachia, waya ukagusa chuma. Nilikuwa Tabata Relini na mwanangu mdogo nilipoona moshi unatoka chini ya dashibodi. Tulishuka, nikakimbia kufungua boneti na kuchomoa betri kwa mikono inayotetemeka. Hapakuwa na fyuzi hata moja kati ya swichi na ile alamu, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kukatika isipokuwa waya wenyewe. Siku ile niliamua kwamba hakuna waya wa gari hili utakaochubuliwa tena, na mtu mwingine.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka kumi na minne nashona nguo za akina mama hapa Tabata Kimanga, na najua mshono wa mtu aliyeharakisha hata ukiwa umefunikwa na bitana. Najua pia kwamba mkono unaoweza kupachika zipu isiyoonekana kwenye hariri unaweza kupitisha waya chini ya dari ya gari. Umeme ndio sikuujua. Kwa huo nilimwita mtoto wa kaka yangu, anayesoma umeme wa magari VETA, chuo cha ufundi. Tulikubaliana hivi: kazi naifanya mimi, yeye anakaa kiti cha abiria na tesita yake ya kupimia umeme, na hakuna kinachowashwa kabla hajakagua.

“Shangazi,” aliniambia tangu dukani, “kamera yoyote yenye betri ya lithiamu ndani, iache.” Sababu yake niliielewa mara moja. Gari likilala juani mchana na vioo vimefungwa, joto la juu ya dashibodi linaweza kupita nyuzi 60, na kamera imebandikwa hapohapo kwenye kioo. Betri ya lithiamu kwenye joto hilo huvimba kama simu ya zamani, mpaka kasha linaachana. Zipo kamera zinazotumia kapasita badala ya betri. Kapasita inatunza umeme kidogo tu, wa kutosha kamera imalizie kuandika faili la mwisho umeme unapokatika, na joto inalistahimili zaidi. Muulize muuzaji, na kama hajui, fungua karatasi iliyomo ndani ya boksi uisome mwenyewe. Nilisoma karatasi tatu pale pale kaunta, na muuzaji alivumilia.

Kadi ndiyo iliyonirudisha Kariakoo mara ya pili. Nilinunua memori kadi ya GB 128 kwa bei iliyonifurahisha. Mtoto wa kaka akaichomeka kwenye kompyuta yake na kuipima kwa H2testw, programu ndogo inayoijaza kadi yote kisha inasoma tena ilichoandika kuona kama kweli kimo. Kadi ilikuwa na GB 8. Zilizobaki yalikuwa maandishi juu ya plastiki. Kamera isingelalamika, ingeendelea kuandika kwa furaha, na siku ya kugongwa ningefungua faili nikakuta halifunguki. Nilirudisha, nikaongeza pesa, nikachukua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera zinazorekodi mfululizo, zile zenye neno Endurance juu yake. Kadi ya simu ya kawaida huchoka mapema kwa kazi hii ya kuandika na kufuta usiku na mchana. Nayo tukaipima kabla ya kuitumia.

Kuhusu ukubwa nilipiga hesabu kama ninavyopiga za mita za kitambaa. Kamera yangu ya mbele inaandika kiasi cha megabiti 20 kwa sekunde, ya nyuma 12. Jumla 32, gawanya kwa 8, maana baiti moja ni biti nane, unapata megabaiti 4 kila sekunde, ambayo ni GB 14.4 kwa saa. Kadi ya 128 inabeba kama saa nane na nusu hivi, kisha inaanza kufuta za zamani na kuandika mpya juu yake. Mimi naendesha kama saa mbili na nusu kwa siku, kwa hiyo nina siku tatu za kukumbuka kwamba kuna jambo nilitaka kulihifadhi. Nikipatwa na mshtuko, kamera yenyewe inalifungia faili la dakika ile lisifutwe.

Tulifanya kazi Jumapili, gari likiwa kivulini chini ya mwembe. Ni IST ya mwaka 2005, ile watu wanaiita old model. Kabla ya kuficha waya wowote tuliunganisha kila kitu kwa nje, waya umetandazwa juu ya viti kama uzi uliofumuliwa, tukawasha kwa ile sehemu ya kiberiti cha sigara, tukaona picha zote mbili. Tafadhali usiruke hatua hii. Kugundua kwamba kamera ya nyuma ni mbovu wakati waya wake umeshazama chini ya dari ni kufumua gauni zima kwa sababu ya kifungo.

Ya mbele ilikuwa nyepesi. Nilibandua stika za miaka ya nyuma za Wiki ya Nenda kwa Usalama, nikasugua gundi yake, nikasafisha kioo kwa spiriti mara mbili. Kamera ikakaa nyuma ya kioo cha kutazamia, upande wa abiria kidogo, ili nikiwa nimekaa nisiione kabisa, na mahali ambapo waipa inapita. Kama waipa haifiki hapo, mvua ya kwanza itakuonyesha matone tu. Waya niliusukumia kwenye ule ufa kati ya dari na kioo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, maana bisibisi ingechana kitambaa cha dari. Ukifika kwenye nguzo ya pembeni, vuta taratibu mpira wa mlango. Ule mpira unaishika dari kama pindo, na chini yake kuna nafasi ya waya kupita mpaka chini ya dashibodi. Kama gari lako lina eabegi za pembeni, ile mifuko ya hewa inayofumuka ukigongwa, kwenye nguzo utaona maandishi ya SRS. Hapo waya lazima upite nyuma ya eabegi, usipite mbele yake wala usifungwe pamoja nayo, kwa sababu ikifumuka itauchukua waya na kila kilichoshikamana nao. Kijana alinisimamisha hapo na kuangalia kwa tochi kabla hajaniruhusu kuendelea.

Waya wa kamera ya nyuma niliupitisha upande wa pili, wa abiria, juu ya milango yote miwili, chini ya mpira uleule, mpaka nyuma. Ulikuwa na urefu wa mita 6. IST haifiki hata mita 4, kwa hiyo ulibaki mwingi, na nitausema baadaye kwa sababu uliniletea shida.

Sasa mlango wa buti. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko kazi nyingine zote kwa pamoja. Mlango wa buti unafunguka kwenda juu, na kamera imebandikwa kwenye kioo chake. Waya lazima uruke kutoka kwenye bodi kwenda kwenye mlango. Nimeona magari ambayo waya umetolewa tu pembeni ya mlango, mlango ukifungwa unaubana. Utafanya kazi mwezi, pengine miwili, kisha picha inaanza kuwa na mistari, kisha inakufa, na mwenye gari anasema kamera za siku hizi ni feki. Gari lenyewe lina nyaya za waipa ya nyuma na taa zinazovuka hapohapo, na zinapita ndani ya kibomba cheusi cha mpira kilichokunjamana kama shingo ya kobe. Waya wako nao unatakiwa upite humo.

Kibomba kile kina mdomo wenye pindo kila upande, umeingizwa kwenye tundu la bati. Niliuchomoa mdomo wa upande wa bodi kwa vidole, kisha wa upande wa mlango. Ndani nyaya zimejaa, kidole hakiingii. Kijana akaleta waya mgumu wa kutundikia nguo, nikaukataa, maana ncha yake ingechubua nyaya za gari bila sisi kuona. Nikaenda kibandani kwangu nikachukua ule mkanda wa plastiki wanaofungia maboksi ya nyuzi. Ni mgumu kiasi cha kusukumwa, laini kiasi cha kupinda, na hauna makali ukiukata ncha ya mviringo. Nikaupaka sabuni ya maji, nikausukuma ndani ya mpira.

Kazi ile ni ya kupitisha lastiki kwenye kiuno cha sketi, hakuna tofauti yoyote. Ukilazimisha kwa nguvu unakwama. Unaukunja mpira kama kitambaa, unasukuma mkanda mpaka ujikusanye, unaushika ncha yake kwa nje kwa vidole viwili, kisha unaunyoosha mpira nyuma yake. Unakunja tena, unasukuma, unanyoosha. Sentimita tatu, sentimita tatu. Nilifumba macho kwa sababu macho hayakuwa na kazi, vidole ndivyo vilivyokuwa vinaona. Mkanda ulipotokeza upande wa pili nilifunga kichwa cha waya wa kamera kwenye ncha yake, nikazungushia tepu kuanzia nyuma kuja mbele ili kusiwe na ukingo wa kunasa, nikaongeza sabuni, nikavuta polepole huku kijana anasukuma kutoka upande wa bodi. Ukapita.

Halafu nikakosea. Mlango wa buti ulikuwa umefunguliwa nusu, kwa sababu tawi la mwembe lilikuwa juu yake. Niliupima waya hivyo, nikabandika kamera katikati ya kioo juu, nikarudisha plastiki zote, nikasogeza gari, nikauinua mlango mpaka mwisho. Waya ukakaza kama uzi wa nje wa cherehani, kamera ikabanduka kwenye kioo na kuning’inia. Nilifumua tena. Pima mlango ukiwa wazi kabisa, uache waya wa ziada ndani ya mlango wenyewe, kama kiganja kimoja, ndipo ufunge.

Ile midomo ya mpira lazima irudi kwenye matundu yake na pindo lote liingie, mzunguko mzima. Nilipitisha ukucha kuzunguka kila mdomo, kisha tukamwaga ndoo mbili za maji juu ya paa mlango ukiwa umefungwa. Ndani pakavu. Huu ulikuwa mwezi wa tatu, masika yako mlangoni, na maji yakiingia hapo yanafuata nyaya mpaka kwenye taa.

Umeme tuliufanya mwisho. Kuna vifaa vinauzwa pembeni vya kuipa kamera umeme kutoka kwenye sanduku la fyuzi: kiboksi kidogo kinachoshusha volti 12 kuwa 5, chenye nyaya tatu. Wa njano unataka umeme wa muda wote, mwekundu unataka umeme unaokuja ukizungusha ufunguo tu, mweusi unakwenda kwenye bodi ya gari. Kwa nyaya hizo kamera inajua gari linapoegeshwa na inabaki macho.

Hakuna kilichochubuliwa. Tulitumia vishikizo vya fyuzi mbili: unachomoa fyuzi ya gari, unaichomeka kwenye kishikizo, unaweka juu yake fyuzi ya pili ndogo ya kwako, kisha kishikizo kinarudi palepale fyuzi ilipokuwa. Siku ukitaka kuuza gari unachomoa, unarudisha fyuzi, na hakuna atakayejua. Fyuzi zina maumbo tofauti, kwa hiyo nilibeba moja ya gari langu mpaka dukani nikalinganisha. Kwa umeme wa ufunguo tulichukua fyuzi iliyoandikwa CIG, ile ya kiberiti cha sigara. Kwa umeme wa muda wote tulichukua ya kufuli za milango. Za injini, za breki na za eabegi hatukuzigusa. Kamera mbili hizi hazifiki hata ampea 2 kwenye volti 12, kwa hiyo fyuzi zetu ni za ampea 3, na kama waya utaguswa na chuma, hiyo ya 3 ndiyo itakayokatika, gari litaendelea kama hakuna kilichotokea.

Kuna jambo moja hapa ambalo kijana alilikazania na sikuliona limeandikwa kwenye karatasi ya boksi. Kila tundu la fyuzi lina pande mbili, mmoja unaleta umeme, mwingine unaupeleka. Kishikizo kinaingia kwa namna zote mbili na kamera itawaka kwa namna zote mbili. Lakini ule mguu unaolisha fyuzi zote mbili lazima ukae upande unaoleta umeme. Ukigeuza, umeme wa kamera unapita kwanza kwenye fyuzi ya gari, na mzigo wa vyote viwili unaibebesha hiyo moja. Alichomoa fyuzi, akagusa kila upande wa tundu kwa tesita, upande mmoja taa ikawaka. “Huo, shangazi. Mguu mkubwa uelekee huo.” Baada ya kujua hayo tulitoa ufunguo, nikafungua hasi ya betri kwa spana namba 10, tukachomeka, nikafunga waya mweusi chini ya bolti iliyoshika bati tupu lisilo na rangi, kisha nikarudisha betri.

Kile kiboksi kina swichi ndogo ya kuchagua volti ya kukata umeme ili kamera isimalize betri gari likiwa limeegeshwa. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6. Ikifika 12.2 imebaki kama nusu, na 12.0 iko chini ya nusu. Betri yangu si mpya, nikaweka 12.2. Gari likiwa limeegeshwa kamera inakula kama theluthi moja ya ampea, usiku wa saa kumi ni ampea-saa tatu na kitu. Betri ndogo ya IST inalimudu hilo kama unaendesha kila siku. Kama gari lako linakaa wiki nzima bila kuwashwa, achana na waya wa njano, weka kamera ifanye kazi ukiendesha tu.

Jumatatu asubuhi niliwasha redio nisikilize taarifa ya habari, nikakuta inakoroma. Stesheni zangu zote zilikuwa na mvumo, mbili zilipotea kabisa. Nikazima kamera, zikarudi. Redio ya gari hili ni ya Japani, inakamata FM ya megahezi 76 hadi 90 tu, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, kwa hiyo ina kile kiboksi cha kuongeza mawimbi kilichofungwa kwenye waya wa antena nyuma ya redio. Na mimi, kwa kutaka usafi, waya wote uliobaki nilikuwa nimeukunja fundo moja na kuusukumia hukohuko, pamoja na kiboksi cha umeme. Jioni niliuvuta. Kiboksi nikakishusha chini, mbali na redio, nikakifunga kwa vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya. Waya uliobaki nikautandaza chini ya zulia badala ya kuuviringisha, na kwenye waya wa kamera nikabana kile kidude cheusi kama shanga kubwa kinachofungwa kuzunguka waya ili kuzuia kelele. Mvumo ukaisha, stesheni moja dhaifu tu ndiyo bado inakwaruza.

Usiku wa kwanza picha ya nyuma ilikuwa mbaya. Kioo cha nyuma kina tinti, na taa za gari linalokuja zilifanya namba iwe doa jeupe. Nilishusha mwanga wa picha kwenye mipangilio hatua mbili. Sasa picha ni nyeusi zaidi lakini namba inasomeka gari likisimama nyuma yangu, na hilo ndilo ninalolihitaji. Tinti ya katikati ya kioo, kipande cha ukubwa wa sanduku la kiberiti mbele ya lenzi, niliikata kwa wembe na kuitoa. Ilisaidia kuliko mipangilio yote. Ukifanya hivyo, kata taratibu, usifike kwenye ile mistari ya kukausha ukungu.

Sauti nimeizima. Wateja wangu wananiomba lifti, na mwanamke anayetoka kupimwa gauni la harusi anaongea mambo yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo nisingependa maneno ya watu yakae kwenye kadi yangu. Kwa sababu hiyohiyo sitoi video za barabarani mtandaoni. Sura za watu zimo, namba za magari zimo. Na nikija kuhitaji ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo faili la tukio sitalikata wala kulipunguza wala kulituma kwa WhatsApp tu likabanwa. Nitachomoa kadi palepale, niweke nyingine ninayoitunza kwenye sanduku la mbele, na ile ya tukio ibaki kama ilivyo. Hakikisha pia tarehe na saa ni sahihi. Yangu ilitoka kiwandani ikiwa na saa za nchi nyingine, na ushahidi unaosema uligongwa saa tisa usiku wakati ulikuwa mchana utaleta maswali usiyoyahitaji.

Wiki iliyopita nilisimama tena mataa ya Buguruni. Nyuma yangu lilikuja kirikuu, sijui kama ni lilelile, likafunga breki kwa kishindo na kusimama karibu mno. Nilimwangalia dereva kwenye kioo, naye akainua macho akaiona lenzi. Akarudi nyuma kidogo, kama hatua mbili. Nyumbani nilifungua faili lile kwenye simu, nikasoma namba yake bila shida, nikaliacha lifutwe na siku zinazofuata.

Kaka ameshanipigia. Anataka Noah yake nayo ifungwe, na anasema kijana ndiye atakayeshika kazi, mimi nikae kiti cha abiria. Nimemwambia sawa, ila mpira wa mlango wa nyuma ni wangu. Noah ni ndefu, ule waya wa mita 6 unaokuja na kamera hautafika vizuri, nimeshanunua wa mita 10. Mkanda wa maboksi nimeuosha sabuni, upo kwenye droo ya cherehani.